Madafrao ya Kamba kwa Tagi ya Mfano

Tagi yangu ya kwanza ya mfano, ile boti ya bandarini inayovuta meli kubwa, ilinila miezi kumi na minne. Mwili niliuchonga kwa mbao za mvule zilizobaki kwenye karakana ya milango, bomba la moshi nikalikata kwenye mkebe wa maziwa, na vioo vya chumba cha nahodha nikavitoa kwenye jalada la kaseti. Siku nilipoiweka juu ya meza ya sebuleni, mjukuu wangu wa miaka sita aliizunguka mara mbili, mikono nyuma kama mkaguzi, kisha akauliza: "Babu, haya mabofulo ni ya nini?"

Alikuwa ameyanyooshea kidole madafrao.

Nilicheka mbele ya watu. Usiku, nyumba nzima imelala, nikakaa nikayatazama vizuri, nikaona mtoto hakukosea. Yalikuwa manene, laini, meupe, mikate mitupu, yamening'inia kila moja na upande wake. Na mie ndiye niliyekula mshahara wa sitaha ya tagi pale Kilindini miaka na miaka. Madafrao halisi nimeyatundika, nimeyafungua, nimeyavuta yakiwa yamelowa mpaka kiuno kikalia. Mgongo ulilijua dafrao. Vidole vilikuwa bado.

Kwa asiyekulia pwani, dafrao ni mto unaotundikwa ubavuni mwa chombo ili kisiumane na gati wala na chombo kingine. Siku hizi ukitupa macho bandarini utaona matairi makuukuu na mipira myeusi tu. Lakini ukitengeneza tagi ya miaka ya 50, kama ninazopenda mie, tairi litakuaibisha. Wakati ule dafrao la tagi mara nyingi lilikuwa kamba, kuanzia moyo hadi ngozi. Amari, ile kamba nene ya melini, ikichakaa haikutupwa: ilikatwa vipande, ikafungwa tita, ikawa kiini, juu yake ikasukwa ngozi kwa kamba ambayo bado ina nguvu kidogo. Serahangi wetu, mzee aliyenifundisha kazi, alikuwa akisema kamba haistaafu, hubadilishwa kazi. Neno hilo nililikumbuka wiki niliyostaafu, nilipojikuta barazani nasokota nyuzi.

Tagi ina madafrao ya namna mbili. Kuna ya ubavuni, marefu kiasi cha mkono, ambayo hutundikwa kwa kamba fupi. Na kuna lile kubwa la omo, lililojipinda kufuata pua ya chombo na kuachia manyuzi yakining'inia chini. Hilo mie huliita ndevu. Tagi si chombo cha kuvuta tu. Nusu ya kazi yake ni kuegemeza omo kwenye ubavu wa meli na kusukuma, chuma kwa chuma, na katikati hapana kitu ila hizo ndevu. Basi ukizikosea ndevu umeikosea tagi nzima.

Nianze na vipimo, maana hapo ndipo mabofulo yalipozaliwa.

Kipimo changu ni moja kwa thelathini na mbili. Tagi ya mita 30 inakuwa karibu sentimita 94, inakaa mezani na bado unaweza kuibeba peke yako. Dafrao la ubavuni la sentimita 90 kwa unene wa sentimita 30 linakuwa milimita 28 kwa milimita 9 na ushei. Hilo nililipata sawa hata mara ya kwanza. Kosa langu lilikuwa kwenye kamba. Nilinunua kamba ya dukani ya milimita 2, ikaonekana nyembamba na nzuri mkononi. Zidisha kwa 32: milimita 64! Hiyo ni amari ya kuvutia meli, na hakuna baharia anayesuka dafrao kwa amari ya kuvutia meli. Kamba ya ngozi ya dafrao, tuseme ya milimita 24, kwenye modeli yangu inatakiwa iwe milimita 0.75. Jicho la mtu halijui hesabu, lakini likiona kamba nene juu ya kitu kidogo linajua kuna uongo mahali.

Huna haja ya chombo cha kupimia cha bei. Zungusha uzi wako kwenye penseli mara 20, mizunguko igusane bila kupandana, kisha weka rula. Ikichukua milimita 15, uzi wako ni 0.75. Mie nina penseli moja niliyoitia alama ya kalamu kwenye 15, nakwenda nayo dukani. Muuzaji wa nyuzi Mtaa wa Biashara amenizoea. Mara ya kwanza alidhani nataka kumloga.

Uzi gani? Nailoni hapana. Inang'aa, inateleza, haishiki rangi, na ukiikata ncha zake zinasimama kama masharubu ya paka. Katani ni nzuri kwa modeli kubwa, lakini kwa kipimo changu ina nywele nyingi mno. Unywele wa milimita 5 kwenye modeli ni sawa na kijiti cha sentimita 16 kwenye chombo chenyewe. Uzi wangu ni wa pamba, ule ule mke wangu anaoshonea viua vya kofia. Hauna mng'aro, unakunywa rangi, unakaa unapouweka.

Roho yangu ilitaka usumba. Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa kusini Unguja, kwenye zile fukwe ambako wanawake huyafukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa pwani, wakayakandamiza kwa mawe, bahari ikaja na kuondoka juu yake miezi kadhaa. Kisha huyafukua yamelainika yananuka, wakayaponda kwa gongo, wakayaosha, wakasokota nyuzi kwa viganja. Mitepe, vyombo vya tanga vya zamani, ilishonwa kwa kamba hizo hizo bila msumari hata mmoja. Sasa mtu na heshima zake atatengenezaje dafrao la pamba? Nikajaribu. Ukauma vidole, ukakakamaa, dafrao likatoka kama fenesi. Nikauachia usumba mahali pengine, nitapataja.

Uzi mmoja mtupu haufai kuwa kamba. Kamba ina mapote, yaani nyuzi nene zilizosokotwa pamoja, na mapote yakionekana ndipo jicho linaamini. Kanuni ni rahisi: ukisokota mapote matatu, kila pote liwe chini kidogo ya nusu ya unene unaoutaka. Kwa 0.75 natafuta uzi wa 0.35 hivi. Nakata nyuzi tatu za mita 3, kila mmoja naufunga msumarini upande mmoja, na upande wa pili naufunga kwenye ndoana niliyoitia kwenye keekee ya mkono. Nausokota kwa upande ule ule uliosokotwa kiwandani, mpaka ukiulegeza kidogo unajikunja wenyewe kama nyoka aliyeguswa. Naubana kwa kibanio cha nguo, naenda kwa wa pili, kisha wa tatu. Halafu ncha zote tatu nazifunga pamoja kwenye keekee, naigeuza upande wa pili. Hapo kamba inajitengeneza mbele ya macho yako, na hiyo ndiyo sehemu ya kazi hii ninayoweza kuifanya kutwa bila kuchoka. Mapote yapande kuelekea kulia, kama ule mstari wa katikati wa herufi Z. Kamba nyingi za melini ziko hivyo. Utapoteza kama robo ya urefu. Ipake nta ya nyuki kidogo tu kati ya vidole, uipitishe haraka juu ya mshumaa vinyweleo viungue, lakini si sasa. Kwanza rangi.

Hapa nina kilio. Madafrao yangu ya pili yalikuwa na kamba ya kipimo sawa, ngozi imekaza, nikajisifu, kisha nikayatumbukiza kwenye rangi yakiwa yamekwisha kutengenezwa. Kila mahali nilipokuwa nimetia gundi, rangi ilikataa kuingia. Yakatoka na madoa kama kanga, ndege, si leso. Manane yote. Basi kamba itiwe rangi ikiwa bado kamba. Mie hutumia majani ya chai, vijiko vitatu vya chakula kwenye kikombe cha maji yanayochemka, dakika 20, bila maziwa bila sukari (nimewahi kuulizwa). Nikitaka wekundu wa kamba iliyozamishwa dawa, natia vipande vya gome la mkoko vinavyobanduka kwenye yadi za boriti. Ianike kivulini, imening'inia wima na uzito mdogo chini ili isijikunje. Ikikauka itakuwa imepauka kuliko ulivyodhani. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ndipo nta, ndipo mshumaa.

Sasa kiini.

Dafrao jepesi ni dafrao bovu, hata la modeli. La pamba tupu halining'inii, linaelea hewani: ukipuliza linageuka, na modeli ikiingia majini linasimama mlalo. Kwa hiyo ndani natia chubwi la mvuvi, lile jembamba lenye tundu katikati, gramu 2 au 3, milimita 15 kwa urefu. Ni madini ya risasi hayo, kwa hiyo osha mikono kabla ya kushika kitu cha kula na usiiache mahali pa watoto. Chukua kipande cha kamba cha sentimita 12, kikunje katikati juu ya msumari mwembamba upate kitanzi cha milimita 4, ukifunge shingo kwa uzi mizunguko sita. Miguu miwili iliyobaki ipitishe ndani ya chubwi na uipige fundo chini. Hapo una kitu kinachofanana na hereni mbaya.

Juu ya chubwi ndipo unapojenga. Kwanza nalizungushia usumba wa mama mkwe, nyuzi chache tu, nimezifumua na kuzilainisha kwa maji. Hauonekani na mtu, na ungeweza kuacha, lakini mie siachi. Juu ya usumba nazungusha utambi wa jiko la mafuta ya taa uliofumuliwa, kuanzia katikati kwenda ncha na kurudi, katikati pakinenepa kidogo na ncha zikichongoka. Usitengeneze bomba. Dafrao la kweli lina tumbo, ila tumbo la mtu wa kazi, si la mtu wa ofisini. Kaza kila mzunguko. Ukilibonyeza kwa kucha na kucha ikazama, fumua uanze tena, kwa sababu ngozi haitalificha hilo. Itaonyesha kila bonde. Unene wa kiini usizidi milimita 7 na nusu katikati, maana ngozi yenyewe itaongeza pande zote mbili. Kisha gundi nyeupe ya seremala, nusu kwa nusu na maji, ipake kwa brashi mpaka utambi ushibe. Litundike kwenye kamba ya nguo hadi asubuhi.

Nasema gundi nyeupe na nasisitiza nyeupe. Supaglu haiingii hapa. Ukiidondosha nyingi kwenye pamba inachemka, wallahi inatoa moshi. Niliwahi kushika kiini nilichokitilia matone matano, nikakitupa sakafuni nikipuliza kidole, na lengelenge likanikaa wiki. Na hata isipokuunguza, ikikauka inaacha ukungu mweupe juu ya kamba usiofutika kwa chai wala kwa dua.

Kiini kikikauka kiwe kigumu kama kokwa ya tende. Tayari kwa ngozi.

Mshono wa ngozi nilihangaika nao mwezi mzima. Kamba za sitaha nilikuwa nazifunga gizani bila kutazama, lakini kwa sindano nilikuwa mtoto. Mke wangu alinitazama jioni tatu bila kusema kitu, ya nne akaninyang'anya. "Hiki unachotafuta si ndicho tunachoshonea tundu la kifungo?" Ndicho. Mabaharia na washona kofia wanafunga fundo moja, tofauti ni unene.

Chukua sindano butu ya tundu pana, ile ya kuunganishia sweta. Kata kamba mita 1. Dafrao moja hula kama mita moja na nusu, lakini ukianza na kipande kirefu utakaa unavuta kamba badala ya kushona, na kila kuvuta kunaichubua. Zungusha kamba mara mbili shingoni, chini kabisa ya kitanzi, uifunge. Hilo ni duara la kuanzia. Sasa ingiza ncha ya sindano chini ya duara hilo kutoka juu kwenda chini, na hakikisha kamba inayoifuata sindano imelala chini ya ncha, ili sindano ikitoka ipite juu yake. Vuta. Kitatokea kitanzi kilichojinyonga chenyewe, na mbele yake kamba inaelekea kulia. Acha kama milimita mbili, rudia. Mduara wa kwanza weka vitanzi sita tu.

Ukifika ulipoanzia husimami wala hufungi kitu. Unaendelea kushuka kwa mzunguko, kama ngazi za mnara wa msikiti. Tofauti ni kwamba sasa sindano haiingii chini ya duara la shingo, bali kwenye kile kipinde kidogo cha kamba kilichobaki kati ya kitanzi na kitanzi cha mstari wa juu. Kila kipinde, kitanzi kimoja. Kwa vile kiini kinapanuka, kwenye mstari wa pili chagua vipinde viwili vinavyotazamana, kila kimoja ukitie vitanzi viwili, upate vinane. Mstari wa tatu fanya hivyo hivyo, upate kumi. Kumi hiyo shuka nayo tumboni mstari baada ya mstari, kumi na mbili hivi, mpaka kiini kianze kuchongoka. Hapo unaruka kipinde kimoja hapa na kimoja pale: vinane, sita, kisha vitatu, na mwisho kamba inajumlisha vyote na kuvifunga mdomo. Ipitishe sindano ndani ya kiini itokee ubavuni, vuta, kata karibu na ngozi. Ncha itajirudisha ndani.

Mkono uwe mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Vuta kwenda chini kwanza, kisha pembeni. Ukianza pembeni kitanzi kinampanda mwenzake mgongoni na hakishuki tena. Dole gumba la kushoto lishike kitanzi cha nyuma wakati cha mbele kinakazwa. Vaa subana, la sivyo mstari wa saba utakufundisha. Na ukigundua mstari wa nne kwamba ulikosea mstari wa pili, kunywa maji, fumua. Nimejaribu njia zote za kuficha kitanzi kilichorukwa. Kinaonekana. Daima kinakaa upande unaomtazama mgeni.

Kamba ikiisha katikati ya mstari, usipige fundo juu ya ngozi. Zamisha ncha ya zamani ndani ya kiini, itoe upande wa pili, kata. Ncha mpya iingie kwa tundu lile lile kutokea chini, na tone la gundi nyeupe kwenye ncha ya kijiti. Dafrao langu la kwanza la namna hii lilichukua jioni nzima tangu Isha mpaka karibu usiku wa manane. Siku hizi ni saa mbili, redio ikiwa imefunguliwa.

Likiwa bado na unyevu wa vidole, liviringishe chini ya ubao mdogo juu ya meza, kama unavyoviringisha kalamu, mara kumi au zaidi. Vitanzi vitakaa mahali pake. Kisha ulibane kidogo upande mmoja kati ya vipande viwili vya mbao, usiku kucha. Dafrao lililokwisha kazini halibaki mviringo kamili: upande unaogusa chuma umelala.

Ndevu za omo ni kazi hiyo hiyo kwa subira zaidi. Kata kigezo cha kadibodi kinachofuata pua ya tagi yako chini ya ukingo wa sitaha. Kunja waya wa shaba wa stima za nyumbani, ule mnene wa kipande kimoja, uufuate, na kila ncha uipinde upate kitanzi cha kufungia. La tagi yangu lina sentimita 16 kwa urefu, na katikati lina unene wa milimita 20. Zungusha utambi: katikati tabaka juu ya tabaka, ncha mbili karibu hakuna kitu. Likitazamwa kutoka juu liwe mwezi mwandamo wa siku ya tano hivi, si ndizi. Hapa hakuna haja ya chubwi, waya unatosha. Ngozi iwe kwa kamba nene kidogo, milimita 1, kwa vitanzi vilevile, ukiongeza kuelekea katikati na kupunguza kuelekea ncha. Jihadhari na upande wa ndani ya mpindo, vitanzi hujazana pale. Ruka kipinde kimoja kila baada ya mistari miwili upande huo tu.

Kisha manyuzi. Kata vipande vya kamba ya 0.75, kila kimoja sentimita 11. Kikunje katikati, penyeza mkunjo chini ya kitanzi cha ngozi upande wa chini wa ndevu, pitisha ncha mbili ndani ya mkunjo, vuta. Ni kama kutia matamvua kwenye kikoi. Jaza mstari mmoja toka ncha hadi ncha, halafu mstari wa pili nyuma yake. Sasa chukua mkasi, na hapa usiwe na huruma: katikati yabaki sentimita 5, pembeni yapungue mpaka sentimita 2, lakini usikate kwa rula. Kata kwa makundi, mawili marefu, moja fupi. Fumua mapote ya ncha kwa sindano na uyachane kwa mswaki wa zamani. Yalowanishe, yalaze kwa kidole kuelekea nyuma kidogo, kama chombo kilichokuwa kinakwenda mbele, na uyaache yakauke hivyo.

Kuchakaza ni suala la kiasi, na wengi huharibu hapa kwa kupenda sana. Dafrao la tagi linachafuka kwa mpangilio. Theluthi ya chini ni nyeusi kwa maji na mafuta ya bandari. Upande unaogusa meli umesuguliwa, umepauka na kutoa manyoya. Upande wa ndani, unaogusa tagi yenyewe, umeshika rangi ya ubavu wa tagi. Kwa weusi nachukua masizi ya chini ya sufuria, matone machache ya vanishi isiyong'aa iliyochanganywa na tapentaini, nagusa kwa brashi kavu kutoka chini kwenda juu, kila mara kidogo. Kwa kupauka, msasa laini sana, mara tatu nne, uishie hapo. Upande wa ndani, rangi ile ile uliyopaka ubavu, alama moja tu kwa kitambaa. Kama modeli yako inaingia majini, maliza kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwenye tapentaini, isugue kwa vidole, ifute. Tapentaini na mshumaa visikutane chumba kimoja.

Kutundika: usigongomee. Tumia kamba nyembamba ya 0.5, ipite kwenye kitanzi cha dafrao, ifungwe kwenye chuma cha ukingo kwa mizunguko inayoonekana kwamba mtu anaweza kuifungua kwa mkono mmoja. Tumbo la dafrao likae pale ubavu unapotokeza zaidi, na ncha ya chini ibaki juu ya maji kwa upana wa kidole. Watu hupenda kuyapanga nafasi sawa kama mashanuo ya duka. Mie upande wa kazi naweka matano, wa pili mawili, na moja linalobaki nalilaza sitahani na kamba yake imezungushwa juu yake, kana kwamba kuna kijana ameambiwa alilete na bado yuko njiani. Kijana huyo nilikuwa mimi.

Kama unatengeneza jahazi badala ya tagi, mengi ya haya hayakuhusu. Tita la usumba, mafungo matatu ya kamba, kitanzi, basi. Hapo mama mkwe anapata haki yake nje, si ndani.

Kabla ya kuonyesha mtu, fanya jaribio dogo. Jaza maji beseni kubwa ambamo tagi inaenea, isogeze polepole mpaka dafrao liguse ukingo. Usitazame, sikiliza. Ukisikia kama mtu amebisha hodi, ubavu ndio uliogusa, teremsha dafrao au lisogeze. Ukisikia kishindo kizito kidogo kisicho na mwangwi, ni lenyewe.

Tagi ya pili nilipoiweka mezani, mjukuu alikuwa ameshatimiza minane. Aliizunguka vile vile, mikono nyuma. Akainama, akalibonyeza dafrao moja kwa kidole, likagusa ubavu, likarudi mahali pake. Hakutaja mkate. Akasogeza jicho kwenye kioo cha chumba cha nahodha, akakaa hapo kitambo.

"Babu, mbona nahodha hana miguu?"

Sikumchonga miguu. Nilidhani hakuna atakayechungulia.